Mama na Gari la Silinda Nane

Harufu ya breki zilizopata moto haimpendezi mtu. Ni kali, kama nywele zilizoungua zikachanganyika na vumbi la chuma, na wengi wakiisikia barabarani hufunga vioo upesi. Mimi hufungua. Wiki iliyopita, kwenye mteremko wa kuelekea Mto Potomac, lori lililokuwa mbele yangu lilishuka likiwa limekanyagiwa breki njia nzima, na harufu yake ikanikuta nawaza mambo ya kazini. Ghafla nikawa na miaka kumi tena, nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nimefunikwa koti la mtu mwingine, namsubiri mama yangu atokee kwenye kona.

Tuliishi Lanham, Maryland, kwenye fleti ya ghorofa ya pili, mimi na Mama. Baba alikuwa Morogoro akisubiri viza, na alikuwa ameisubiri muda mrefu kiasi kwamba kwangu alikuwa sauti zaidi kuliko mtu. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Arlington, ng'ambo ya mto. Kwa basi na treni alikuwa anatoka nyumbani giza na kurudi giza, nami nikilala kwa jirani. Ndiyo maana mwenzake mmoja wa kazini alipokuwa anahamia Texas na kutaka kuliacha gari lake, Mama hakuuliza ni gari la namna gani. Aliuliza tu kama linawaka.

Liliwaka. Mtaa mzima ulijua kwamba limewaka. Lilikuwa gari la Kimarekani la milango miwili, la kijani kilichokolea, boneti ndefu kama meza ya kupigia pasi, na ndani yake injini ya silinda nane iliyonguruma hata likiwa limesimama. Wamarekani huyaita magari ya namna ile magari ya misuli. Mama alicheka alipoambiwa jina hilo. Alisema anaiona misuli, anachosubiri ni akili.

Mimi nilikaa nyuma. Ili kuingia, ilibidi kiti cha mbele kilazwe, nami nijipenyeze hadi kwenye kiti kidogo cha nyuma chenye madirisha yasiyofunguka. Nilikipenda. Kilikuwa kama pango langu, na kutoka humo nilikuwa namwona Mama kisogo chake, mabega yake yaliyopanda hadi karibu na masikio, na macho yake kwenye kioo kidogo cha juu kila aliponitazama.

Asubuhi moja ya mvua, tukiwa tunatoka kwenye barabara kuu inayouzunguka mji, gari lilizunguka. Sijui nilielezeje. Tulikuwa kwenye kona ya kutokea, Mama akaongeza mafuta kidogo, na nyuma ya gari ikaamua kwenda mbele. Niliona miti, kisha magari yakitutazama, kisha miti tena. Tukasimama kwenye nyasi, tumeelekea tulikotoka, wipa zinaendelea na kazi yake kama hakuna kilichotokea. Hatukugonga kitu wala mtu.

Ninachokikumbuka zaidi ni kwamba sikuogopa. Kwenye duka kubwa la Wheaton kulikuwa na bembea ya kuzunguka yenye farasi wa bandia, na Mama alikuwa amenipandisha mara moja tu. Nilidhani asubuhi ile ameamua kunizungusha tena, bure, na gari lote. Nilinyamaza nikisubiri arudie. Mama naye alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, hageuki wala hasemi neno. Baada ya muda mrefu akaligeuza gari polepole, akanipeleka shule. Hatukulizungumza tena.

Kanisa letu lilikuwa Wheaton, na ibada ya Kiswahili iliwakusanya Watanzania na Wakenya pamoja. Baada ya ibada kulikuwa na chai, na kwenye chai hiyo hakuna habari iliyofichika. Kila aliyesikia kilichompata Mama alimshauri auze lile gari. Mtu mmoja tu hakumshauri hivyo. Alikuwa Njoroge, Mkenya wa Nakuru, fundi wa kompyuta, mwenye kitambi na sauti ya chini. Mimi nilimwita Anko Njoroge.

"Hiyo gari si mbaya, Mama Rehema," alisema. "Ni vile hamjajuana bado. Na huku barabarani huwezi kuijua, kuna watu. Kuja uwanjani."

Alipotaja jina la mchezo wenyewe, otokrosi, mimi nililolisikia ndani yake ni neno la Kiingereza la msalaba. Nikajua tunakwenda kwenye maombi. Ilikuwa Jumapili, baada ya ibada ya kwanza, na nilivaa gauni langu jeupe. Tulipofika kwenye maegesho makubwa ya uwanja wa mpira, si mbali na kwetu, nilitafuta msalaba kila upande. Nilichokiona ni lami tupu pana kama ziwa, na juu yake koni za plastiki za rangi ya chungwa zimepangwa, mamia yake, zikijikunja na kujikunjua kufuata njia ambayo sikuielewa. Magari yalikwenda moja moja. Kila moja lilipita katikati ya koni kwa kasi ya kutisha, tairi zikilia, kisha mtu akatangaza muda wake kwenye spika. Ukiangusha koni unaongezewa sekunde. Ukimaliza zamu zako, unavaa kizibao cha njano na kwenda kusimama kwenye lami kuwainulia wengine koni walizoziangusha.

Mama alipotea. Mara ya kwanza alipita katikati ya koni zisizo zake, akatokea upande wa kuingilia, akimtazama usoni aliyekuwa anasubiri zamu. Mara ya pili aliburuta koni moja chini ya bampa hadi mwisho. Siku ile alikuwa wa mwisho kuliko wote, nyuma hata ya mzee mmoja aliyekuja na gari la kubebea familia. Alibaki ndani ya gari injini ikiwa imezimwa, na kutoka nilipokuwa niliona ameinamia usukani. Nilidhani analia. Njoroge akasogea dirishani taratibu, akiwa amejiandaa kumfariji.

Mama alimwuliza kama bado kuna zamu nyingine.

Hivyo ndivyo lile gari lilivyoanza kubadilika, kipande kwa kipande, kwenye maegesho ya fleti zetu. Lilikuwa gari la kazi siku zote. Hatukuwa na lingine. Lilimpeleka Mama Arlington, likanipeleka mimi shule, likabeba mchele na mafuta ya kula, na Jumapili moja au mbili kwa mwezi likaenda kukimbizana na koni. Njoroge ndiye aliyemshauri aanze na matairi, kwa kuwa ndiyo pekee yanayogusa ardhi. Halafu pedi za breki. Halafu shokapu, kwa sababu gari lilikuwa linalala upande kwenye kona kama mashua. Halafu chuma kinene kinachopita chini, kinachoyaunganisha magurudumu ya kushoto na ya kulia yasisahauliane. Mwishoni kiti cha dereva, kipya, chenye mbavu zilizomkumbatia Mama kiunoni.

Kila badiliko tulilisikia sisi wawili kabla saa ya kupimia muda uwanjani haijalionyesha. Baada ya shokapu, chai ya Mama ilianza kumwagika kwenye kila tuta, akaacha kuinywa njiani. Baada ya pedi mpya, breki zilipiga mluzi asubuhi zikiwa za baridi, na watoto wote wa shule yetu waligeuka kutazama nani ameletwa. Niliona haya wiki ya kwanza. Wiki ya pili mvulana wa darasa la juu aliniuliza injini ya baba yangu ni ya ukubwa gani, nikamjibu kwamba baba yangu yuko Afrika na gari ni la mama yangu. Tangu siku hiyo sikuona haya tena.

Mama naye alikuwa anabadilika, ila hilo sikuliona wakati ule. Nimeliona baadaye, nikikumbuka kisogo chake. Mabega yalishuka. Alianza kuimba kwenye foleni, nyimbo za kwaya za kwao, akipiga vidole kwenye usukani. Wakati mwingine, tukitoka kwenye kona ya kawaida kabisa, alikuwa anasema peke yake, "Leo limenijibu vizuri," kama mtu aliyepata barua.

Lakini Jumapili hazikupita bila kuonwa. Kanisani kulikuwa na mama mmoja aliyeitwa Mama Dorika, ambaye dada yake aliishi Morogoro, mtaa mmoja na bibi yangu. Sidhani alisema uongo. Alisema tu kwamba mke wa mtu, mume yuko mbali, anatoka kanisani mapema kwenda kuchezea magari na wanaume. Maneno hayo yalivuka bahari, na kila aliyeyashika aliyaongezea chumvi, hadi yalipomfikia Baba yakiwa tayari kwa kuliwa.

Baba alikuwa anapigiwa kwa kadi ya simu, jioni yetu, kwake ukiwa usiku wa manane, baada ya Mama kukwangua namba. Jioni ile nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye zulia nikichora. Maneno ya Baba sikuyasikia. Nilisikia ya Mama, na Mama hakupaza sauti hata mara moja.

"Siuzi," alisema. Kisha kimya. "Mtoto hana shida yoyote." Kimya kirefu. "Mama yako nimemsikia. Rehema nitaongea naye mwenyewe." Halafu, kama aliyeulizwa jambo jingine, "Ndiyo, viti vya nyuma navitoa Jumamosi. Havina kazi tena."

Kalamu yangu ilisimama.

Lazima nieleze jinsi mtoto anavyojumlisha mambo. Mwaka uliotangulia, mvulana niliyesoma naye shule ya Jumapili alipelekwa kwa nyanya yake huko Kenya. Tuliambiwa ni likizo, na hakurudi. Bibi wa Morogoro alikuwa amesema zaidi ya mara moja, nami nikisikia, kwamba mtoto wa kike halelewi na mtu anayekesha kazini, nipelekwe kwake. Na viti vya nyuma vilikuwa mimi. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuvikalia. Kama havina kazi tena, basi anayevikalia hatakuwepo.

Usiku huohuo, Mama aliponifunika blanketi, aliniuliza kama ningependa siku moja kumwona Bibi. Nilijibu kwa Kiingereza, kama nilivyokuwa namjibu kila kitu siku zile, kwamba sijui. Alipotoka nililala nikitazama dari, nikipanga nitakachochukua.

Ijumaa nilitoa vitabu kwenye begi la shule, nikaweka magauni mawili, mswaki, sweta, na picha ya mimi na Mama mbele ya theluji. Sikulia. Nilikuwa nimeamua kwamba nikiwa mtulivu sana, labda atakumbuka kunirudisha.

Jumamosi alfajiri Mama alikuwa na furaha isiyo ya kawaida. Alikuwa ameshavifungua viti vya nyuma yeye mwenyewe kwa spana za kuazima, na nilipoamka vilikuwa sebuleni, vimeegemezwa ukutani kama kochi dogo. Nilikwenda kuchungulia gari. Mahali pangu palikuwa bati tupu, nyaya chache, na sarafu moja iliyoota kutu.

"Leo unakaa mbele," Mama alisema. "Umekuwa mrefu."

Aliliona begi, nadhani alidhani nimefunga vitafunwa. Nikakaa mbele, begi mapajani, na kwa mara ya kwanza nikaiona barabara yote inavyokuja. Tuliuvuka mto tukaingia Virginia. Hakuniambia tunakwenda wapi. Alisema tu ni mbali kidogo na kwamba Anko Njoroge na mkewe wametangulia. Nilidhani wametangulia kutuaga. Kisha vikaanza vibao vya kijani vyenye picha ya ndege. Kimoja, kingine, halafu kikubwa chenye mshale. Nilikumbatia begi. Niliitazama mikono ya Mama nikisubiri ikate kulia.

Haikukata. Kibao kilitupita juu, na barabara ikaendelea kati ya majengo mapya na mashamba.

"Mama," nilisema, "tumepita uwanja wa ndege."

"Uwanja wa ndege wa nini?"

Nilifungua zipu ya begi nikamwonyesha. Alitupia jicho mara moja, akarudisha macho barabarani, akatazama tena. Alipopata kituo cha mafuta akaegesha pembeni kabisa, akazima injini. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa kwa sababu ya ngurumo iliyokoma.

Nilimwambia yote, kwa Kiingereza na Kiswahili vilivyogongana: Bibi, yule mvulana, simu, viti. Mama alisikiliza huku ameweka kiganja mdomoni.

"Nani amekwambia unaondoka?" aliniuliza hatimaye. "Bibi yako anaomba. Baba yako anauliza. Mimi nimekataa. Nimekataa mara ngapi sijui."

"Mbona umetoa viti vyangu?"

Alipojibu, hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama usukani.

"Siku ile ya mvua, gari lilipozunguka, nilikuita. Nilikuita kwa sauti. Hukujibu. Sikuweza kugeuka, nilikuwa nimeshika usukani, na kwenye kioo hukuonekana. Kwa muda ule wote sikujua kama ninaye mtoto." Akavuta pumzi. "Sitaki tena ukae mahali nisipokuona. Ndiyo maana nimevitoa. Nilitaka nikwambie leo, tukifika."

Nilikuwa sijamsikia akiniita. Hadi leo sikumbuki. Nikamwambia ukweli wangu: kwamba nilinyamaza kwa sababu nilidhani ananizungusha kama kwenye farasi wa Wheaton, na nilikuwa nasubiri arudie.

Mama alinitazama kana kwamba nimeongea lugha ya tatu. Kisha alianza kucheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, kikarudi tena kuwa kicheko. Alivua mkanda, akanivuta juu ya gia na begi na kila kitu. Mtu aliyekuwa anajaza mafuta aligeuka akatutazama, akageukia mambo yake.

Kiwanja cha mbio kilikuwa West Virginia, kati ya vilima vya ng'ombe na miti ya tufaha. Hapa hapakuwa na koni za kukwepa wala wa kushindana naye. Watu walikuja na magari yao ya kila siku kujifunza, kwa makundi, na wanaoanza walipewa mwalimu wa kukaa pembeni. Mwalimu wa Mama alikuwa mzee Mzungu mwenye masharubu meupe na kofia ya chuma iliyochubuka. Mimi nilibaki na Anti Wambui, mke wa Njoroge, aliyekuwa amebeba chapati, chai ya chupa na ndoo ya kukalia. Yeye hakuyapenda magari hata kidogo. Aliniambia anakuja ili mtu mwenye akili awepo.

Asubuhi Mama alikwenda polepole. Magari madogo yenye injini ndogo yalimpita moja baada ya jingine, naye alitoa mkono dirishani kuwaonyesha madereva upande wa kupitia, kwa adabu, kama anayekaribisha wageni. Lakini kila mzunguko aliurudia kwa namna tofauti kidogo. Alipoingia kupumzika, magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa joto nililolihisi nikiwa mbali, na ile harufu ikatanda. Nilikunja pua. Mama aliivuta kama mtu aliyefungua sufuria ya pilau.

Mchana mvua ikaanza. Haikuwa kubwa, ilikuwa ile ya kushuka bila haraka, inayoifanya lami ing'ae. Wengi waliokuwa kwenye kundi lake walianza kufunga vitu vyao. Mwalimu alimwuliza Mama kama anataka kuishia hapo. Njoroge alimwambia hakuna aibu, gari ndilo la kumpeleka kazini Jumatatu. Mama alikuwa amekaa kwenye kile kiti chake, kofia mapajani, akiitazama mvua kwenye kioo. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani. Alinitazama, na nikajua anawaza mvua gani.

"Utakuwa wapi?" aliniuliza.

Nilimwonyesha: pale kwenye uzio, kwenye ndoo, karibu na kona ya mwisho.

"Usitoke hapo," alisema. "Nikipita nikuone."

Akavaa kofia.

Anti Wambui alinifunika koti lake. Tulisikia lile gari kabla ya kuliona. Ngurumo ilipotea nyuma ya miti, ikarudi, ikapotea. Kisha likatokea kwenye kona, la kijani, likirusha maji kila upande, na mbele ya macho yangu nyuma yake ikaanza kuondoka. Ilikuwa vilevile. Mkia ulitaka kuja mbele, taratibu, kama siku ile kwenye njia ya kutokea. Anti Wambui alitaja jina la Yesu. Mimi safari hii nilijua si mchezo, na nilisimama juu ya ndoo.

Mikono ya Mama ilikwenda upande mmoja, kidogo, ikarudi. Hakukanyaga breki. Gari lilitikisika mara moja, kama mbwa anayejikung'uta maji, likanyooka. Likapita mbele yetu na injini ikipandisha sauti, na ndani ya kioo kilichojaa mvua niliuona uso wa mama yangu umegeukia uzio kwa sekunde moja, ukanikuta, ukarudi mbele.

Alizunguka hadi walipomwamuru atoke. Alipovua kofia, nywele zilikuwa zimelowa jasho, na alikuwa amechangamka kama msichana. Mwalimu alimpa mkono akaushikilia kwa muda. Tulikula chapati zilizobaki ndani ya gari, mimi nikiwa mbele, na tukarudi Lanham kwa mwendo wa wazee.

Jioni iliyofuata Baba alipigiwa tena. Nilimwomba Mama anipe simu kabla hawajaanza. Kwa kawaida nilikuwa namwambia Baba salamu na habari za shule, kwa Kiingereza, naye akinisifu. Siku ile nilitafuta maneno ya Kiswahili moja moja.

"Baba, Mama hachezi. Anajifunza. Jana gari lilitaka kuteleza, yeye akalikataza."

"Alilikataza?"

"Ndiyo. Likamsikia. Na mimi sasa nakaa mbele."

Baba akasema nimpe mama yangu. Nilikwenda chumbani nikaacha mlango wazi. Sikumsikia Mama akisema siuzi, wala mtoto hana shida. Nilimsikia akieleza, kwa upole na kwa kirefu, kwa nini gari likianza kuteleza hutakiwi kukanyaga breki, na akilazimika kuanza upya kwa sababu upande wa pili uliuliza swali.

Viza ilitoka majira ya baridi. Tulivirudisha viti vya nyuma kumpokea Baba, mimi nikashika upande mmoja na Mama mwingine, na kwa kuwa alishuka na koti jembamba tukampa nafasi ya mbele karibu na joto, nami nikarudi nyuma, Mama akakielekeza kioo cha juu kwangu. Baba alikuwa mrefu kuliko sauti yake. Njia nzima kutoka uwanja wa ndege alishika mpini wa mlango. Tulipokaribia nyumbani akaachia, akamtazama Mama.

"Unaendesha taratibu kuliko nilivyoambiwa," alisema.

"Hapa hakuna koni," Mama akamjibu.

Baba alikaa miezi akizoea: baridi, kazi ya ghala, mimi. Kuhusu Jumapili za Mama hakusema ndiyo wala hapana. Majira ya kuchipua yalipofika na koni zikapangwa tena kwenye maegesho ya uwanja, alikuja nasi moja kwa moja kutoka kanisani, amevaa koti la suti na viatu vilivyong'arishwa. Njoroge, ambaye hakuamini katika watazamaji, alimvisha kizibao cha njano, akamkabidhi redio ya mawasiliano, akampeleka kusimama karibu na kona ngumu kuliko zote. Akamweleza kanuni: koni ikiguswa ikabaki mahali pake, hakuna kosa. Ikilala, inahesabiwa.

Zamu ya Mama ilifika. Alikuwa na muda mzuri siku ile, mzuri kiasi kwamba Njoroge, aliyekuwa anashindana naye, alikuwa ameacha kutania. Alikuja kwa kasi, akaingia kwenye kona ya Baba, akatoka humo vizuri kuliko wote, na mwishoni kabisa mkia wa gari ukaigusa koni moja. Ikayumba. Ikasimama. Halafu ikalala polepole, kama mtu aliyechoka.

Nilimwona Baba akiitazama. Alitazama kulia na kushoto. Kisha akakimbia kwenye lami kwa viatu vyake vya kanisani, koti likipepea, akaisimamisha kwa mikono miwili, akaisawazisha. Akaipandisha redio mdomoni, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote za uwanja, kwa Kiingereza alichokuwa bado anakizoea.

"Koni moja. Gari la kijani. Ni mke wangu, lakini ni koni moja."

Uwanja mzima ulicheka. Mama hakucheka, koni ile ilimnyima ushindi dhidi ya Njoroge. Tukirudi nyumbani alimlalamikia Baba kwamba koni ilikuwa imesimama, kwamba upepo ndio ulioiangusha, kwamba hata Mama Dorika asingemfanyia hivyo. Baba alijitetea kwamba yeye ameambiwa ikilala inahesabiwa, na ililala, na upepo haukuwepo. Hakuna aliyekubali kushindwa. Nilikuwa nyuma, nimeegemea kidirisha kisichofunguka, nawasikiliza wakibishana wakiwa ndani ya gari moja, na nilitamani barabara iwe na foleni.